Chaja za magari ya umeme barabarani: mwenye kituo kilichokufa atozwe faini?

Taa Nyekundu
Wadau, jana usiku nimefika kituoni betri ikiwa na asilimia 9. Ramani kwenye simu ilionyesha chaja nne, zote kijani, zote zipo wazi. Ya kwanza skrini nyeusi tii. Ya pili inawaka, inazima, inawaka tena. Ya tatu waya umekatwa, kimebaki kipande cha urefu wa mkono. Ya nne nzima, ila inataka nipakue programu, nijisajili, nisubiri namba ya uthibitisho kwenye simu, na mahali penyewe mtandao hakuna. Dakika arobaini nazunguka uwanja ule nimeinua simu juu natafuta mtandao.

Swali langu: wenye vituo vya namna hii watozwe faini? Uingereza walipitisha kanuni mwaka 2023 kwamba chaja za kasi ziwe zinafanya kazi asilimia 99 ya muda. Marekani wameweka 97 kwa vituo vilivyojengwa kwa fedha za serikali kuu. Kwingine kunashindikana nini?

Mwendo Pole
Naunga mkono faini. Ila tusemezane ukweli: gari la umeme ni la mtu mwenye pa kuchajia nyumbani. Mimi nachomeka usiku, asubuhi limejaa. Vituo vya barabarani navitumia mara tatu kwa mwaka. Asiye na pa kuchomeka alipaswa kufikiri kabla ya kununua.

Mpangaji Ghorofa ya Tano
Mwendo Pole, umenigusa pabaya. Nilifikiri sana kabla ya kununua. Tuliambiwa vituo vipo. Sasa nisipewe somo na mtu anayevitumia mara tatu kwa mwaka! Mimi navitumia mara mbili kwa wiki, maana siwezi kuteremsha waya kutoka ghorofa ya tano mpaka barabarani. Magari haya yasiwe ya wenye nyumba peke yao.

Fundi wa Zamu
Mleta mada, hizo asilimia zisikupe matumaini makubwa. 97 maana yake chaja inaruhusiwa kulala siku kumi na moja kwa mwaka. Na Marekani siku iliyoharibiwa na wahuni, au umeme ukikatika kwenye gridi, haihesabiwi. Ya Uingereza ni wastani wa mtandao mzima wa kampuni, kwa hiyo kituo kimoja kibovu kinajificha nyuma ya vizuri mia.

Kubwa zaidi: chaja hutuma ujumbe kwa seva kila baada ya muda kusema ipo hai. Ikituma, ramani inabaki kijani. Skrini inaweza kuwa imekufa, kisoma kadi kimejaa maji, kilimi cha plagi kimevunjika kwa sababu mtu aliiacha chini ikakanyagwa na gurudumu, na seva bado inasoma "ipo tayari". Wiki hii nimeshika plagi ambayo pini moja imeungua mpaka plastiki ikafanya malengelenge. Kwenye kompyuta ilikuwa nzima.

Mwendo Pole
Mpangaji, sikusema watu wasinunue. Nimesema wafikiri. Nyinyi mnaotegemea vituo ndio mnaokaa mpaka asilimia 100 watu wamepanga foleni nyuma yenu.

Mpangaji Ghorofa ya Tano
"Nyinyi" akina nani? Unanijua? Nakaa mpaka 100 kwa sababu sijui kama kituo kijacho kitakuwa hai! Nihakikishie kitakuwa hai, nitachomoa kwenye 70 nikuachie nafasi.

Kiti cha Magurudumu
Naomba kuongeza jambo. Chaja inaweza kuwa nzima na mimi bado nisiichaji gari. Nguzo za kuilinda zimesimama karibu karibu, kiti changu hakipiti. Ukingo wa barabara umeinuka. Skrini iko juu ya kichwa changu. Waya wa chaja ya kasi ni mzito kama mpira wa zimamoto, na kukiwa na baridi unakakamaa, mikono yangu haiuwezi. Uingereza walitoa viwango vya jambo hili mwaka 2022, lakini havimlazimishi mtu. Katika hesabu ya faini, chaja nisiyoifikia ihesabiwe nzima au mbovu?

Kilowati
Hili la kuchomoa mapema au kukaa mpaka 100 lielezwe vizuri, watu wanagombana bure. Betri ikikaribia kujaa, volteji ya seli inafika ukingoni na gari lenyewe linapunguza mkondo ili seli zisiumie. Kwenye magari mengi, zile 20 za mwisho zinaweza kula muda sawa na uliotumia kutoka 10 mpaka 80. Na tusilaumu kituo kwa kila kitu. Mtu ana gari linalopokea kilowati 50 anachomeka kwenye chaja ya 350 halafu analalamika kaibiwa. Betri ikiwa baridi ni hivyo hivyo. Weka kituo kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari, magari mengi yatapasha betri moto njiani.

Taa Nyekundu
Kilowati, sijalalamikia kasi mahali popote. Waya ulikuwa UMEKATWA.

Kilowati
Sikukulenga wewe mkuu. Nimesema kwa ujumla.

Leaf ya Zamani
Na sisi wa plagi ya CHAdeMO, ile ya kasi ya Kijapani? Nissan Leaf ilikuwa barabarani tangu 2010, wengi humu hamjawahi hata kuota gari la umeme. Leo kituo kipya kinajengwa na plagi zetu sifuri, au moja tu, na hiyo moja ameizibia mwenye gari la CCS, plagi ya aina nyingine, kwa sababu pale pana kivuli. Hao ndio wa kutozwa faini.

Mpangaji Ghorofa ya Tano
Naam! Anayeegesha bila kuchaji atozwe, na anayeacha gari likishajaa naye atozwe. Tesla wanatoza dakika za kukalia chaja tangu Desemba 2016.

Mwendo Pole
Kwa hiyo mimi nikiwa chooni gari likajaa nitozwe, ila wewe ukikaa mpaka 100 ni haki yako?

Mpangaji Ghorofa ya Tano
Hapo umenikamata kidogo. Lakini bado hujaniomba radhi kwa ile ya kwanza.

Fundi wa Zamu
Wizi wa waya jamani tusiuache. Anayekata anatafuta shaba, anapata kilo chache. Nyuma yake kituo kinalala mpaka waya mwingine uagizwe. Ukimtoza faini mwenye kituo kwa hilo, maeneo yenye wizi hatajenga mtu, na ndiko wapangaji wengi wanakokaa. Faini iwe kwa kutotengeneza ndani ya siku kadhaa. Na kadi ya benki ikubaliwe bila programu. Umoja wa Ulaya wamelazimisha hivyo kwa chaja mpya za kilowati 50 kwenda juu tangu Aprili 2024.

Kiti cha Magurudumu
Swali langu la juu bado halijajibiwa.

Mgeni Njiani
Samahani kuingilia. Nipo kituoni sasa hivi, limefika 82, nimesimamisha chaja lakini plagi haitoki. Nimevuta mpaka viganja vinauma. Nina watoto ndani ya gari.

Leaf ya Zamani
Chaja gani? Ni ya kampuni gani?

Fundi wa Zamu
Usivute tena. Hakikisha skrini imeandika imesimama. Funga milango kwa ufunguo kisha fungua, kufuli ya tundu hufunguka pamoja na milango kwenye magari mengi. Sukuma plagi NDANI kwanza, ibebe uzito wake kwa mkono wa pili, waya usining'inie, ndipo uvute moja kwa moja. Ikigoma, tafuta kamba ndogo ya dharura ndani ya buti au chini ya boneti, upande wa tundu. Kitabu cha gari kitakuonyesha.

Mwendo Pole
Mpangaji, nisamehe kwa ile "alipaswa kufikiri". Ila msimamo wangu wa 100 siuachii.

Mgeni Njiani
Imetoka! Ni kule kuisukuma ndani, nikasikia kitu kimelia ndani ya tundu. Asante sana Fundi. Watoto wamelala, naondoka. Chaja ya pembeni yangu imeandikwa ipo tayari lakini haina waya.