Akiba ya Majirani, Section 58 Nakuru: Kabla ya Kununua Hisa za Bei ya Shilingi 7.40

Jumanne

Kamau (saa 12:48 jioni): Habari za jioni, wazazi na majirani. Kuna kikundi kingine ambacho nilijiunga nacho mwezi jana kwa kulipa shilingi 500, na leo wametutumia dokezo kwamba kampuni moja ndogo iliyo sokoni itapanda maradufu kabla ya Ijumaa. Nina shilingi 15,000 kwenye simu na ningependa kuagiza kesho asubuhi. Nani anaingia pamoja nami?

Mwalimu Kiprono, msimamizi (saa 12:55 jioni): Ahsante, Kamau, kwa kuandika sentensi kamili kama tulivyokubaliana hapa. Nakuomba usilitaje jina la kampuni hiyo, ili sisi nasi tusigeuke wasambazaji wa tetesi. Sasa nisaidie kuhesabu. Katika Soko la Hisa la Nairobi, bei ya hisa hairuhusiwi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja katika hali ya kawaida. Hata kampuni hiyo ikigonga kikomo kila siku bila kupumzika, itahitaji siku 8 za soko ili bei yake ya leo iwe maradufu. Kati ya leo na Ijumaa zimebaki siku 3. Aliyekuandikia dokezo hilo ama hajui soko, ama anajua kwamba wewe hulijui.

Kamau (saa 12:58 jioni): Mwalimu, hesabu hiyo sikuifanya. Lakini hata ikipanda kwa asilimia 10 peke yake, si nitakuwa nimepata faida ya shilingi 1,500?

Nekesa (saa 1:10 usiku): Hujapata, kaka yangu, na hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Mimi hushughulika na vitabu vya hesabu mchana kutwa, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha maneno. Ukinunua hisa unamlipa dalali, na juu ya malipo yake kuna tozo ndogo za soko lenyewe, za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na za shirika linalotunza hisa katika akaunti zetu za CDS. Vyote kwa pamoja huwa karibu asilimia 2 ya thamani ya ununuzi. Siku ya kuuza unalipa tena karibu asilimia 2. Maana yake ni kwamba hisa za shilingi 10,000 zimekugharimu 10,200, na ili uuze na kurudishiwa hizo 10,200 mkononi, thamani yake lazima ifike takriban 10,408. Kabla hujapata hata senti moja ya faida, bei inatakiwa ipande kwa zaidi ya asilimia 4.

Baba Akinyi (saa 1:14 usiku): Kwa hiyo kwenye ile asilimia 10 ya Kamau zinabaki kama asilimia 6. Si haba kwa wiki moja.

Nekesa (saa 1:22 usiku): Ingekuwa hivyo, Baba Akinyi, kama angenunua na kuuza kwa bei ile ile inayoonyeshwa. Kamau, tafadhali fungua programu ya dalali wako uniandikie mambo matatu: wanunuzi wa hisa hiyo wanatoa bei gani, wauzaji wanataka bei gani, na jana zilibadilishana hisa ngapi.

Kamau (saa 1:31 usiku): Wanunuzi wanatoa shilingi 7.00 na wanataka hisa 300. Wauzaji wanadai 7.40 na wana hisa 5,200. Jana ziliuzwa hisa 1,100 siku nzima.

Nekesa (saa 1:47 usiku): Sasa tuhesabu kwa fedha zako mwenyewe. Hisa 2,000 kwa shilingi 7.40 ni 14,800, ukiongeza gharama ya 296 unakuwa umetoa 15,096. Ukibadilisha nia dakika hiyo hiyo na kuuza kwa shilingi 7.00, unapata 14,000, unakatwa 280, zinabaki 13,720. Umepoteza shilingi 1,376, yaani asilimia 9, ilhali bei ya kampuni haijasogea hata kidogo. Ili ufike mahali pa kutopata hasara, wale wanaotoa 7.00 leo itabidi watoe 7.70. Ile asilimia 10 unayoiita faida inakurudisha pale ulipoanzia tu.

Kisha angalia jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hayo yote: mnunuzi wa shilingi 7.00 anataka hisa 300, wewe utakuwa na 2,000. Zile 1,700 zitauzwa kwa nani, na kwa bei gani? Upande wa pili kuna mtu au watu wenye hisa 5,200 wanaotafuta pa kuzitua. Mimi nikiona dokezo la kununua na foleni ya wauzaji ndefu namna hiyo, najiuliza ni nani aliyelipiwa kuandika dokezo.

Mwalimu Kiprono (saa 1:53 usiku): Niongeze kwamba kutoa ushauri wa uwekezaji kwa malipo ni kazi inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa kila mtu. Kamau, mwanangu, wale waliopokea shilingi 500 zako wamo kwenye orodha hiyo?

Kamau (saa 2:05 usiku): Nimetafuta, Mwalimu. Hawamo.

Mama Njeri (saa 2:20 usiku): Poleni, nilikuwa nafunga duka. Mazungumzo haya yamenigusa mfukoni. Mimi sifuati madokezo ya mtu. Kila Jumatatu natenga shilingi 1,000 hivi kutoka kwenye mauzo na kununua hisa za kampuni moja kubwa, nikiamini kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nimefanya hivyo kwa wiki 13. Hii hapa stakabadhi ya jana, ninaiandika kama ilivyo: hisa 50 kwa shilingi 20.50, jumla 1,025. Malipo ya dalali 100. Tozo nyingine 3.08, jumla kuu 1,128.08. Nekesa, hiyo asilimia 2 unayoisema iko wapi hapo?

Nekesa (saa 2:34 usiku): Mama Njeri, haipo, na nasikitika kwamba hatukuzungumza mapema. Dalali wako ana kima cha chini cha malipo. Asilimia yake ya 1,025 haifiki hata shilingi 20, lakini sheria ya nyumba yake ni kwamba hafanyi kazi kwa chini ya 100. Kwa hiyo umelipa asilimia 10 kuingia tu. Kwa wiki 13 umetoa takriban shilingi 1,340 za gharama. Ungeziweka pamoja fedha hizo na kununua mara moja hisa za shilingi 13,000, ungelipa kama 260.

Baba Akinyi (saa 2:37 usiku): Hiyo ni sawa na kwenda Wakulima Market kununua sukuma ya shilingi 20 kwa bodaboda ya 100, kila siku, halafu mtu ashangae mboga zimekuwa ghali.

Mama Njeri (saa 2:41 usiku): Baba Akinyi, usinichekeshe na huku naumia. Shilingi 1,340 ni faida ya gunia zima la viazi siku zikiwa mbaya. Kwa nini sikuambiwa siku ya kufungua akaunti?

Nekesa (saa 2:50 usiku): Huenda iliandikwa kwenye fomu kwa herufi ndogo. Madalali hawafanani katika jambo hili, kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza dalali yeyote ni kama ana kima cha chini, na ni kiasi gani. Kwa huyu wako, ukigawanya 100 kwa kiwango chake cha karibu asilimia 1.8, unapata kwamba agizo lolote lisilofika kama shilingi 5,500 linakuumiza kuliko inavyostahili.

Kamau (saa 2:56 usiku): Lakini si soko liliondoa lile sharti la kununua hisa 100 kwa mpigo? Tangu Agosti 2025 mtu anaweza kununua hata hisa moja.

Nekesa (saa 3:03 usiku): Ni kweli, na ni jambo jema kwa wanafunzi na kwa yeyote anayeanza. Hata hivyo, soko limefungua mlango, halikufuta nauli. Ukinunua hisa moja ya shilingi 30 kwa dalali mwenye kima cha chini cha 100, hisa hiyo imekugharimu 130.

Baba Akinyi (saa 3:11 usiku): Mimi nina njia yangu. Nasubiri kampuni itangaze gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa, nanunua kabla daftari la wanahisa halijafungwa, napokea gawio, nauza. Sihitaji dokezo la mtu.

Mwalimu Kiprono (saa 3:25 usiku): Umewahi kuihesabu, Baba Akinyi? Tuchukue Safaricom, ambayo kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 ilitoa shilingi 1.20 kwa hisa, kwanza senti 55 na baadaye senti 65. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba unanunua hisa 1,000 kwa shilingi 30 ukilenga zile senti 65. Gawio ni shilingi 650, serikali inakata asilimia 5, zinabaki 617.50. Kuingia kumekugharimu 600, kutoka 600 nyingine. Umefanya kazi ya hasara ya karibu shilingi 580, na bado sijataja kwamba daftari likishafungwa bei kwa kawaida hulegea, kwa kuwa mnunuzi mpya hapati gawio hilo. Tena usisahau kwamba ununuzi hukamilika baada ya siku 3 za kazi. Ukinunua siku moja kabla ya daftari kufungwa, jina lako halimo.

Baba Akinyi (saa 3:40 usiku): Mwalimu, umenikumbusha mwaka 2008. Hisa hizo hizo zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5, nilikopa kwenye chama cha ushirika nikaomba hisa 10,000. Waombaji walikuwa wengi mno, nikapewa kama moja kwa kila tano nilizoomba, huku riba ya mkopo wote ikiendelea kutembea. Bei ilishuka chini ya 5, na mimi niliuza ilipokuwa chini ya 4 kwa sababu karo ya Akinyi haikuweza kungoja. Kosa lilikuwa langu la kutumia fedha zenye tarehe ya kurudishwa. Gharama ya dalali wala sikuitazama. Kumbe riba ndiyo ilikuwa gharama kubwa kuliko zote.

Mama Njeri (saa 3:46 usiku): Basi nifanyeje na 1,000 yangu ya kila Jumatatu? Ikikaa dukani itakuwa mkate na mafuta ya taa.

Nekesa (saa 4:02 usiku): Iweke kila Jumatatu kwenye mfuko wa soko la fedha ulio na leseni, yaani mfuko unaokusanya fedha za watu wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi kwa riba, uchague ule usiotoza ada ya kuingia. Riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15, lakini angalau fedha hazilali bure. Baada ya miezi mitatu, toa zote kwa mpigo na ununue hisa kwa agizo moja. Zikifika 50,000 siku moja na ukawa huna haraka nazo, unaweza hata kununua hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, moja kwa moja kwa Benki Kuu kupitia mfumo wake wa mtandaoni uitwao DhowCSD, pasipo dalali katikati. Hisa ulizokwisha kununua usiziuze kwa hasira. Gharama ya kuingia umeshailipa, na faida ya kuuza hisa zilizo sokoni Nairobi haitozwi ile kodi ya asilimia 15 inayotozwa faida ya mwenye kuuza ploti mjini, kwa hiyo kadiri unavyokaa nazo ndivyo ile asilimia 10 inavyogawanyika katika miaka mingi.

Mama Njeri (saa 4:06 usiku): Hapo nimeelewa. Kesho nitampigia dalali nimuulize maswali yangu mwenyewe.

Kamau (saa 4:15 usiku): Mimi bado natamani kuijaribu kampuni ile, lakini kwa bei yangu. Je, naweza kukataa hiyo 7.40?

Nekesa (saa 4:19 usiku): Unaweza. Weka agizo lenye kikomo cha bei. Andika hisa 800 kwa shilingi 7.05, ili usiwe chini ya kile kima cha shilingi 5,500 kama dalali wako ni wa aina ile ile, na ulifanye agizo la siku moja. Muuzaji akikubali kushuka, utazipata. Asipokubali, soko likifungwa saa tisa alasiri agizo linakufa na hulipi kitu.

Jumatano

Mama Njeri (saa 5:20 asubuhi): Nimempigia. Amekiri kwamba kima cha chini ni 100 na akasema nilitia sahihi. Nimemuuliza kama kuna tofauti nikinunua mara nne kwa mwaka, akacheka akasema wateja wengi hawamuulizi hilo. Shilingi 1,000 ya Jumatatu ijayo haitapita kwake.

Kamau (saa 9:12 alasiri): Soko limefungwa. Hakuna aliyeshuka hadi 7.05. Wauzaji sasa wanadai 7.25 na hisa zilizo kwenye foleni yao zimefika 9,000. Wale wa shilingi 500 wametuma ujumbe mwingine wakisema hii ndiyo nafasi ya mwisho.

Baba Akinyi (saa 9:15 alasiri): Umewajibu?

Kamau (saa 9:16 alasiri): Nimewauliza kama wao wananunua au wanauza. Wameniondoa kwenye kikundi.