Naomba ushauri: huduma ya bakapu nitoze kwa kompyuta au kwa ukubwa wa data?

Fundi Kimya
Wakuu, habari za muda huu. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za wafanyabiashara wadogo: wahasibu, maduka ya dawa, wapiga picha. Sasa nataka niwe nawahifadhia bakapu, yaani nakala za akiba za data zao, na kuwarudisha kazini janga likitokea, iwe diski imekufa, ofisi imeungua au virusi vimefunga mafaili. Swali ni moja tu: nitoze kwa idadi ya kompyuta au kwa ukubwa wa data? Nahitaji jibu kabla ya Jumatatu. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kebo
Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa pale.

Nyota ya Usiku
Ya bei sijui, ila hao wateja wadogo nawajua. Wangu mmoja nilimwambia anunue diski ya pili, akaniuliza ya kwanza ina kosa gani. Ilipokufa ikaondoka na orodha nzima ya wadeni wake. Mkuu, wadeni wale walipata habari kabla yangu! Wote wakaapa walishalipa.

Mkaguzi
Bei ni mambo ya mwisho. Anza na kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae nje ya jengo. Za kwako zitakaa wapi? Na umemwahidi nini mteja?

Fundi Kimya
Zitakaa mtandaoni, zimefungwa kwa nywila. Turudi kwenye bei, wakuu.

Mama Lejeri
Mimi ni mteja wa watu kama wewe. Toza kwa kompyuta, maana ukitoza kwa data bili inapanda kila mwezi na sijui nimefanya nini. Lakini hata bei siyo ninayoiuliza kwanza. Nauliza hivi: mashine ikifa saa nne asubuhi, nitatoa ankara tena saa ngapi? Na niliyoingiza tangu asubuhi nitayakuta?

Mkaguzi
Hayo mawili ndiyo biashara yenyewe. Mleta mada unakwepa. Jumatatu kuna nini?

Fundi Kimya
Haya. Kuna mpiga picha ana data terabaiti 1 (gigabaiti 1,000), ameshalipa ya mwaka mzima, Jumatatu tunasaini. Kwenye mkataba nimeandika data yote itarudi ndani ya saa mbili. Kabla hamjanirukia: fundi mwingine alimwahidi saa nne. Ningemwambia siku tatu angebaki? Na diski za siku hizi hazifi ovyo.

Mkaguzi
Laini yake ina kasi gani?

Fundi Kimya
Megabiti 20 kwa sekunde.

Mkaguzi
Terabaiti 1 ni megabiti milioni 8. Gawanya kwa 20, unapata sekunde 400,000, yaani siku nne na nusu na ushee. Hapo laini haijakatika hata mara moja na hakuna mwingine anayeitumia. Weka nakala moja palepale ofisini kwake, kwenye diski isiyokaa imechomekwa muda wote. Ya mtandaoni iwe ya moto na wizi.

Fundi Kimya
Diski ni gharama na bei nilishamtajia. Halafu ana folda inayojisawazisha yenyewe na mtandaoni. Hiyo si bakapu tayari?

Mzee wa Kebo
Nimesimama 😂 Ukifuta huku na kule imefutika. Virusi vikifunga mafaili, folda yako inayapandisha yakiwa yamefungwa, kwa uaminifu kabisa. Labda kama huduma inatunza matoleo ya zamani, na hapo uliza inayatunza kwa muda gani.

Kijana wa Amri
Someni yaliyoikuta Maersk, kampuni ya meli za mizigo, mwaka 2017. Virusi vya NotPetya vilifyeka seva zao za kusimamia watumiaji na kompyuta dunia nzima. Zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zikafa pamoja. Iliyopona ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikatika kabla virusi havijafika.

Mpenda Ukweli
Wakuu, hii ni chai. Mtu hajui kusawazisha siyo bakapu, lakini ana mkataba? Na mteja gani analipa mwaka mzima kabla ya kusaini? Subirini, sasa hivi ataibuka mwenzake na "jaribu programu fulani, mimi imenisaidia sana". Tangazo hilo.

Nyota ya Usiku
Hapo kwenye kulipa hata mimi nilishtuka. Wangu wanasaini na bado hawalipi.

Fundi Kimya
Sina programu ninayouza. Mpiga picha ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ndiyo maana alilipa bila maswali.

Mama Lejeri
Kumbe! Mke anajua hizo saa mbili?

Mkaguzi
Shemeji au mgeni, kipengele kibadilike. Andika: kazi za wiki hii zitarudi ndani ya siku moja ya kazi, za zamani kadiri laini itakavyoruhusu. Kila mwezi mrejeshe mafaili machache naye akiwepo, myafungue, atie saini. GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao, Januari 2017 walifuta hifadhidata kimakosa ndipo wakagundua njia zao kadhaa za bakapu zilikuwa hazifanyi kazi. Na nywila ya kufungulia nakala asiwe nayo mtu mmoja. Ukifa leo, janga la shemeji ni wewe.

Fundi Kimya
Diski nitanunua mwenyewe. Ila saa mbili kuzifuta ni ngumu, mkataba alishamwonyesha baba mkwe.

Mpenda Ukweli
Sasa baba mkwe naye kaingia. Kesho tutaletewa mshenga.

Mkaguzi
Basi Jumamosi fanya jaribio. Shusha gigabaiti 50 kutoka mtandaoni ukiwa kwake, pima muda, zidisha kwa 20, nenda na hesabu hiyo kwa baba mkwe.

Fundi Kimya
Jumamosi haiwezekani mkuu. Shemeji ana harusi ya kupiga, na anayembebea taa ni mimi.