Naomba ushauri: Coaster ya dizeli inagoma kuwaka asubuhi

Wakuu habari zenu. Nina Coaster ya zamani, injini ni 1HZ ile ya lita 4.2, nimeigeuza nyumba, ina kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, huwa tunasafiri nayo na familia kwenda Iringa na Mbeya. Sasa ikilala tu usiku, asubuhi napiga stata weee mpaka betri inachoka, ila nikibonyeza kile kipampu cha mkono juu ya filta ya dizeli mpaka kiwe kigumu inawaka fasta, inatoa moshi mweupe kidogo halafu inatulia. Ikishapata moto haina shida siku nzima. Filta mpya, plagi za hita (zile za kupasha injini kabla ya kuwaka) zimepimwa ziko poa, maji ya kwenye filta nimemwaga. Fundi anang'ang'ania tushushe pampu kubwa ya injini, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, ikasetiwe, na bei yake acha tu. Mi nahisi kuna mahali inavuta hewa, ndiyo maana usiku dizeli inarudi tangini, maana pampu ingekuwa imechoka si ingenisumbua kwenye mlima Kitonga jamani? Nianzie wapi, mipira ya kutoka tangini au hicho kipampu chenyewe? Na nikiunga mpira mweupe wa kuona ndani, mapovu yataonekana kweli?