MREJESHO: MD (udaktari wa binadamu) peke yake au niweke na DDS (udaktari wa meno)?

Wakuu, mimi ndo yule wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) nilieuliza humu kama niombe MD tu au nichanganye na DDS. Nimeweka zote MUHAS (chuo cha afya Muhimbili), MD ya kwanza DDS ya pili, maana zote ni miaka 5 alafu intern (mazoezi ya kazi hospitalini), na anatomia unaisoma kotekote. Ila kilichonifanya niipende DDS ni kwenda kushinda na dokta wa meno, nikamuona anang'oa gego la mzee mmoja, anatikisa koleo taratibu huku anampigisha stori za Yanga, mzee kushtuka jino liko kwenye trei! Mshua bado kanuna, kwake dokta ni wa sindano tu. Chuo kingine nimeomba MD, wakinichukua kote nathibitisha kimoja, na saizi hata nikikosa MD sina presha kivile.