Lenzi gani inakamata fokasi haraka kwa picha za mpira? Bajeti yangu milioni moja

Shata_ya_Temeke

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi ni mpiga picha wa mtaani, natumia Canon 700D niliyoinunua mkononi. Zamani nilikuwa napiga vipaimara na vikao vya harusi, mwaka huu nimehamia kwenye ndondo. Jumamosi na Jumapili nakaa nyuma ya goli, usiku natuma picha kwenye grupu la timu, mchezaji akiipenda yake ananirushia buku mbili kwenye simu. Vijana wanapenda sana kujiona wanafunga.

Shida ni lenzi. Ninayo ile 75-300 nyeusi (hizo ni milimita, namba ikiwa kubwa inavuta mbali zaidi). Mtu akitoka na mpira katikati kuja golini, nabonyeza, lenzi inaanza kulia "zziii", inakwenda mbele, inapitiliza, inarudi, ikija kutulia kipa anaokota mpira wavuni. Jumapili iliyopita nimepiga picha 412, zilizotoka safi hazifiki 60. Goli la ushindi lilifungwa kwa kichwa, nikalinasa kabisa. Nafika nyumbani, tangazo la soda kwenye ukuta wa nyuma linasomeka mpaka herufi ndogo, mfungaji ni kivuli tu. Alinipigia mara tatu kuuliza picha yake.

Sasa kuna jamaa Kariakoo ananiambia nimpe yangu niongeze laki tatu, anipe 75-300 "ya USM", eti mota hiyo ndiyo ya spidi. Mwingine ana 70-200 f/4 nyeupe (f ni uwazi wa lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia zaidi), ya mkononi, anataka laki tisa na nusu. Rafiki yangu naye ana 55-250 STM (nayo ni aina ya mota) anaiuza bei ya mtu na mtu. Halafu wapo wanaosema kama huna f/2.8 kaa nyumbani.

Nishike lipi? Nawasilisha.

Kiti cha Mbele

Nimeweka kambi hapa. Ngoja wajuzi waje.

Mzee wa Vioo

Kijana, umeuliza vizuri maana umeeleza unapiga nini na unakaa wapi. Wengi huuliza "lenzi nzuri ni ipi" utadhani wanauliza dawa ya mafua.

Hiyo 75-300 yako ina mota ndogo ya kawaida inayozungusha vioo kwa gia. Ndiyo huo mlio unaousikia. Halafu itazame ikifokasi: kichwa cha mbele kizima kinazunguka na kutoka nje. Mota dhaifu imebebeshwa mzigo wa mbele. Hapo hata ungekuwa na kamera ya milioni kumi, lenzi haina miguu.

70-200 f/4L ina USM ya pete. Pete inazungusha vioo moja kwa moja, hakuna gia, na vioo vinavyotembea viko ndani, lenzi hairefuki wala haizunguki mbele. Unabonyeza, imeshafika. Mara ya kwanza utadhani haijafanya kazi kwa sababu husikii kitu.

Sasa sikiliza hapa kwa makini. Hao wa "75-300 ya USM" ni kweli ipo, Canon waliitoa, na maandishi ya USM yamo. Lakini ni USM ndogo, bado inapitia kwenye gia, na mwili wa lenzi ni uleule. Utatoa laki tatu ukanunue herufi tatu. Usiingie mkenge.

Na hata USM ya pete isikutie upofu. Ipo 85mm f/1.2L, lenzi ya heshima, inayo USM ya pete, lakini vioo vyake ni vizito kama jiwe la kinu, fokasi inajikokota. Ndugu yake wa bei ya chini, 85mm f/1.8, anamwacha mbali. Kwa hiyo usisome jina tu, uliza mota inasukuma uzito gani.

Bosi wa Mbili Nane

Mnampotosha dogo. Michezo ni f/2.8, kwisha habari. Kusanya hela hata miezi sita uchukue 70-200 f/2.8. Hizo nyingine utazinunua na utaziuza.

Mama Fremu

Bosi, miezi sita bila kazi utamlisha wewe?

Mimi napiga riadha na mpira wa kikapu mashuleni mwaka wa saba huu. f/2.8 ninayo, ya IS II (toleo la pili lenye kituliza mtikisiko), ina karibu kilo moja na nusu, ikifika jioni bega linaomba poo. Ni kweli ni tamu. Kamera huwa inafokasi apecha, yaani tundu la mwanga la lenzi, ikiwa imefunguka yote, hata kama umeweka f/8, apecha inajifunga pale tu unapopiga. Kwa hiyo lenzi inayofunguka zaidi inaipa kamera mwanga zaidi wa kutafutia. 700D ina pointi 9 za fokasi, na ile ya katikati inakuwa makini zaidi ukiipa f/2.8. Hapo Bosi hajakosea.

Ila tupige hesabu ya uwanjani. Mshambuliaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde, yupo mita 20 kutoka kwako, lenzi iko 200 na f/4. Eneo linaloonekana safi, mbele na nyuma ya pale ulipofokasi, ni kama mita moja na nusu. Huyu mtu analimaliza kwa sehemu ya tano ya sekunde. Akifika mita 10, eneo linabaki sentimita 40 hivi. Sasa 75-300 inayotumia sekunde nzima kwenda na kurudi itampata wapi? Hapo ndipo pesa yako inapokwenda, kwenye mota. Na kumbuka f/2.8 inalipunguza hilo eneo zaidi, mita 20 unabakiwa na mita moja. Ukiwa na tabia mbaya za kufokasi, f/2.8 itakuumbua zaidi.

Mwanga ni jambo lingine. Mechi za ndondo zinaanza saa kumi, dakika ya themanini jua linazama. 75-300 ukiivuta mpaka mwisho ni f/5.6. Ukija f/4 umepata mwanga maradufu, maana yake pale ulipokuwa na shata 1/500 ya sekunde unapata 1/1000 kwa ISO ileile, yaani wepesi uleule wa kamera kupokea mwanga. Mtu wa mita 7 kwa sekunde akikukatiza mbele anasogea sentimita 1.4 ndani ya 1/500, na milimita 7 ndani ya 1/1000. Mguu unaopiga mpira unakwenda kasi kuliko mwili, ndiyo maana viatu vinatoka na mkia.

Kabla hujatoa hata senti, mdogo wangu, nijibu: fokasi umeweka AI Servo, ile inayomfuata mtu anayetembea, au kitu gani? Na pointi unachagua mwenyewe au umeiachia kamera?

Shata_ya_Temeke

Dada asante, hesabu nimeisoma mara mbili. Kamera nimeikagua sasa hivi: imeandika AI Focus, na pointi zote tisa zinawaka. Nilijua AI ndiyo ya kisasa, inajiongeza yenyewe.

Mama Fremu

Nilijua tu 😂

AI Focus inaanza kwa kudhani mtu amesimama, ikishtuka anatembea ndipo inabadilika. Ikishtuka, goli limeingia. Weka AI Servo. Pointi acha moja tu, ya katikati, ielekeze kwenye namba ya jezi kifuani. Namba ina rangi mbili zinazopishana, kamera inapata cha kushika. Jezi nyeupe isiyo na kitu inateleza. Ukiacha pointi zote tisa, kamera inachagua kilicho karibu au kinachoonekana vizuri, na ukuta wenye tangazo la soda unaonekana vizuri kuliko mtu yeyote.

Kingine, anza kumfuata mapema. Usisubiri afike ndani ya boksi ndipo ubonyeze. Mbebe tangu katikati ya uwanja, lenzi iwe inasogea naye kidogokidogo. Ule mruko mrefu wa kutoka karibu kwenda mbali ndio unaoua.

Vumbi la Naivasha

Habari za TZ. Mimi ni wa huku Kenya, napiga magari, Safari Rally tangu irudi kwenye mashindano ya dunia 2021. Uwanja wa mchanga na barabara ya Naivasha ni ndugu, maana adui ni mmoja: vumbi. Gari likitokea kona na wingu nyuma yake, na pengine wingu la aliyetangulia bado liko hewani, fokasi inashika vumbi. Lenzi yenye spidi inashika vumbi kwa spidi, ni hiyo tu tofauti.

Mimi pale kona huwa nafokasi jiwe au alama ya tairi ambapo najua gari litapita, halafu natoa kidole. Kwenye hiyo 700D yako unaingia kwenye menyu unahamisha fokasi kwenda kitufe cha nyota, kile cha dole gumba. Shata inabaki kupiga tu. Ukikandamiza nyota inafuata, ukiachia inatulia palepale. Wewe fanya hivyo kwa penalti na kona. Hakuna haja ya kumfukuza mtu ambaye unajua mpira utamkuta wapi.

Na hiyo nyeupe ina swichi ubavuni, 1.2m na 3m. Weka 3m. Lenzi haitahangaika kutafuta vitu vilivyo puani pako.

Bosi wa Mbili Nane

Siku akipangiwa mechi ya usiku chini ya taa atanikumbuka.

Mzee wa Vioo

Siku hiyo ataazima. Bosi, huyu anauza picha buku mbili. Laki tisa na nusu ni picha 475. Hiyo yako ya f/2.8 ni picha ngapi?

Shata, hiyo 55-250 STM usiidharau pia. Ni nyepesi, kimya, na inaizidi mbali hiyo uliyo nayo. Ningekuwa na laki tatu mfukoni ningechukua hiyo bila kusita. Lakini mwisho wake ni f/5.6 na saa kumi na mbili kasoro itakuacha. Milioni ipo? Basi nyeupe. Na siku ukihamia kamera mpya za Canon za R, zisizo na kioo ndani, inavaa adapta na fokasi inafanya kazi kama kawaida.

Fundi Kamera Mwenge

Naongeza la ukaguzi maana ya mkononi ni bahati nasibu. Dar hii yenye unyevunyevu lenzi zinaota fangasi. Nenda na tochi ya simu. Toa vifuniko vyote viwili, mulika kutokea nyuma, wewe chungulia mbele. Ukiona kitu kama utando wa buibui au mizizi myembamba, rudisha. Muuzaji atasema ni vumbi. Vumbi ni vidoti, halina matawi.

Kisha ivalishe kwenye kamera yako mwenyewe, siyo ya kwake. Fokasi kitu cha karibu, kisha nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara, rudia mara kumi. Isikwame, isikwaruze, isitetemeke mwishoni. Angalia zile pini za dhahabu kama zimeliwa na kutu.

Shata_ya_Temeke

MREJESHO wakuu, wiki ya tatu hii.

Kwanza nilibadilisha settingi tu, lenzi ileile. AI Servo, pointi moja, kidole gumba. Kipindi cha kwanza nimepiga 150, safi 58. Ilinichanganya, maana nilikuwa nailaumu lenzi kwa makosa ambayo mengine yalikuwa yangu. Kipindi cha pili mwenzangu akaniazima 70-200 f/4 yake, nikamwachia simu yangu rehani. Nimepiga 160, safi 117. Kuna mfululizo wa picha sita winga anakuja usoni kwangu, zote sita kope zinahesabika.

Ile ya laki tisa na nusu nilikwenda na tochi. Buibui alikuwa ameshajenga. Jamaa akasema vumbi, nikacheka nikaondoka. Nimepata nyingine, tumevutana mpaka milioni kamili. Mkuu wa Mwenge, ukija Temeke soda juu yangu.

Dakika kumi za mwisho bado ni ngumu, ISO 6400, shata imeshuka 1/640, chengachenga zipo. Kwenye WhatsApp hazionekani. Kitu kingine: nikikaa nyuma ya nyavu inafokasi nyavu. Na rangi nyeupe ina mambo yake, mlinzi wa uwanja siku hizi ananiita mwandishi, na watoto wanataka kuishika.

Mama Fremu

Hama nyuma ya goli. Kaa kati ya nguzo na kibendera cha kona, upande ambao jua liko mgongoni kwako. Utapata sura za washambuliaji bila nyavu. Na hiyo nyeupe ivalishe soksi nyeusi ukiwa kwenye daladala.

Kiti cha Mbele

Hongera mkuu. Ile 75-300 unaiuza?

Shata_ya_Temeke

Umeusoma uzi kweli?

Kiti cha Mbele

Nimeusoma wote. Mimi nimechukua vile vikao vya harusi ulivyoviacha. Wajumbe wanakaa tu. Bei gani?