Mrejesho: plamsi zangu za Lushoto

Wakuu, salamu. Msimu uliopita niliwauliza kwa nini mstari mmoja wa plamsi zangu hapa Lushoto unatoa matunda matamu na mwingine yana maji maji tu, wakati vikonyo vyote (vijiti vya juu vya kupandikiza) vilikatwa mti mmoja. Mkaniambia niangalie shina lililobebeshewa, yaani mti wa chini wenye mizizi ambao kikonyo kimeunganishwa juu yake.

Kweli bwana! Nilifukua chini ya kiungo, pale kikonyo kilipounganishwa, nikakuta machipukizi ya shina la chini. Mstari mtamu yana majani marefu membamba, yaani mpichi wa mbegu. Ule mwingine majani ni mafupi, mapana: plamsi juu ya plamsi. Mizizi hii ya plamsi ina nguvu, inasukuma majani mengi, matunda yanaivia kivulini bila rangi wala sukari. Na muuza miche aliniapia yote ni aina moja!

Sijang'oa. Nilikata matawi ya katikati ya kila mti kwa msumeno ili mwanga uingie, nikapunguza matunda yakiwa saizi ya gololi. Safari hii yamepata wekundu, ingawa utamu bado haujawafikia wenzao.

Ila pale bondeni maji yanapotuama, miti miwili yenye mizizi ya mpichi imekufa, hawa "wabaya" wenye mizizi ya plamsi wamesimama tu. Kwa hiyo miche mipya ya bondeni naibebesha juu ya plamsi, utamu nitautafuta kwa kupogoa.