Ukikaa kimya ndo umekubali kutoa viungo? Mi hapo sikubali

Wadau, kuna hoja imeletwa hapa kwamba serikali zipitishe tu sheria, mtu akifa viungo vyake vichukuliwe labda kama aliandika mapema kwamba hataki, eti hapo foleni ya wanaosubiri figo itaisha. Mi nakataa, na sio kwamba sina uchungu na wagonjwa, mtu anaesafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila akikaa ni masaa manne kwenye mashine, yule maisha yake yote ni ratiba ya mashine.

Ila tuangalie walikojaribu. Brazil walileta sheria hiyo 1997, watu wakaingiwa hofu, wengi wakaenda kuandikisha kwenye vitambulisho kwamba hawataki, 1998 ikafutwa. Hispania ambayo kila mtu anaitolea mfano, sheria wanayo tangu 1979 na miaka kumi baadae bado wachangiaji walikuwa kama 14 tu kwa kila watu milioni moja. Walipanda mpaka zaidi ya 40 baada ya kuunda taasisi ya taifa 1989 na kuweka mahospitalini madaktari waliofundishwa kazi hii, na mpaka leo familia inaulizwa, ikikataa basi.

Sasa jiweke pale koridoni. Ndugu yako kapata ajali, daktari anakwambia ubongo umekufa, hayupo tena, lakini ukichungulia unaona kifua kinapanda na kushuka, ukimshika mkono una joto, kumbe ni mashine inampumulia. Saa hiyo mtu aje na karatasi akwambie sheria inasema alikubali, si mtagombana? Tofauti na mtu akikaa chini na wewe, akaacha ulie kwanza, akakueleza taratibu kwa nini huyu harudi, na kwamba daktari aliyethibitisha kifo hahusiki kabisa na upandikizaji, ndo akuulize, aliwahi kusema chochote kuhusu hili?

Wanaosema tulipe pesa, kama Iran anavyolipwa mtu anaetoa figo akiwa hai, hapana jamani, atakaeuza siku zote ni mwenye shida.

Pesa ya kampeni za hiyo sheria wapewe hao wanaoongea na familia. Na wewe uliyeleta hoja, nyumbani kwako wanajua unataka figo zako ziende kwa mwingine?